Uliza, Mama Akujibu: Ida Tarbell na makaratasi ya Standard Oil

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Ujiji, ndiyo kwanza naanza kuandikia gazeti. Kwenye mafunzo tulitajiwa Ida Tarbell, Mmarekani aliyeichunguza Standard Oil, kampuni ya mafuta ya tajiri Rockefeller. Aliwezaje? Na wanaume walimkubalije kuwa mhariri?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Alisoma makaratasi. Standard Oil ilishaburuzwa kortini na mbele ya kamati za Bunge mara nyingi, na ushahidi ulikuwa umeandikwa, umelala tu. Ida akauamsha.

Mambo yalianzia kwenye reli. Wewe wa Kigoma utanielewa upesi: mawese yako na ya jirani yanapanda treni moja kuja huku kwetu Tabora. Jirani anarudishiwa kisirisiri sehemu ya nauli yake ya mzigo, halafu anamegewa na nauli uliyolipa wewe! Ndio mpango ambao reli zilikubaliana mwaka 1872 na South Improvement Company, umoja wa wasafisha mafuta aliokuwemo Rockefeller. Watu wa visima vya mafuta vya Pennsylvania waliwaka, baba yake Ida akiwemo.

Standard Oil ikadai hayo yamepita. Basi kulikuwa na kijana wa ofisini aliyepewa kazi ya kuchoma kumbukumbu. Siku moja akaona jina la mwalimu wake wa shule ya Jumapili, mwenye kiwanda kidogo cha kusafisha mafuta. Akatazama vizuri: watu wa reli walikuwa wakiitaarifu Standard Oil kila mzigo wa mwalimu ulikokwenda. Badala ya kuyachoma akampelekea mwenyewe, na mwishowe yakamfikia Ida. Henry Rogers, kigogo wa kampuni aliyekuwa akimpa mahojiano, alipoyaona gazetini alitaka kujua kayatoa wapi. Hakuambiwa. Mahojiano yakaishia hapo.

Makala za Ida zilitoka kwenye jarida la McClure's, sehemu 19, kuanzia Novemba 1902 hadi 1904. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamuru kampuni ivunjwe.

Uhariri alishaujua tangu miaka ya 1880, kwenye jarida la The Chautauquan. Mwaka 1906 yeye na wenzake waliihama McClure's, wakanunua The American Magazine. Gazeti likiwa lako, nani atakukatalia kiti? Ila mama huyohuyo alipinga wanawake kupewa haki ya kupiga kura, na hapo mimi naye hatujapatana mpaka leo.