Gari limeshushwa, matairi yanalika ndani

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimeshusha gari langu kwa springi fupi, sentimita 4 hivi. Sasa matairi ya mbele yanalika upande wa ndani, na usukani umekaa kombo hata barabara ikinyooka. Nimerudi kwenye alaimenti (kupima na kunyoosha magurudumu) zaidi ya mara moja. Wananionyesha kioo cha mashine: kila kitu kijani isipokuwa kemba (mlalo wa gurudumu). Wanasema gari lililoshushwa ndivyo lilivyo, nizoee. Nirudishe springi za zamani?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Springi ziache hapo hapo kwanza. Na usizoee chochote: usukani ukitoka kombo kwenye alaimenti, kazi haijaisha, hata mashine iwake kijani mpaka kesho.

Ile kijani ni vipimo vya kiwandani, kwa gari lenye kimo cha kiwandani. Nafasi yake ni pana, na fundi mvivu anaishia ukingoni. Wewe ulipolishusha, mkono wa chini (chuma kinachoshika gurudumu) na rodi ya stelingi (inayoligeuza) vilipanda kila kimoja kwa njia yake. Magurudumu yakalala kwa ndani juu, hiyo ndiyo kemba, lakini pia yakabadili yanakotazama mbele, na hiyo ni tou. Wengi huilaumu kemba kwa sababu inaonekana kwa macho. Mla matairi mkubwa ni tou.

Jipimie mwenyewe. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha rudisha. Kama upande mmoja ni laini na ukirudi unakwaruzwa na meno kama ya msumeno, hiyo ni tou. Kama ukingo wa ndani umeisha tu, laini kwenda na kurudi, hapo ndipo umshike kemba. Kemba ya hasi (juu kulala ndani) digrii 1.5 hainitishi hata kidogo ikiwa tou imekaa sawa.

Kabla ya kurudi kwenye mashine, muulize aliyefunga springi: bolti za bushi za mikono (mipira ya kwenye maungio yake) alizikaza gari likiwa wapi? Wengi hukaza gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Likishuka chini bushi inabaki imejipinda, inalisukuma gari juu, na haichukui muda kupasuka. Zilegezwe, gari likae kwa uzito wake, zikazwe upya. Acha springi zikae siku chache za kuendesha. Angalia bol joint (kiungo cha mkono na gurudumu) na ncha za stelingi kama zina mchezo, yaani zimelegea, jaza upepo sawasawa. Gari lenye mchezo halipimiki.

Kwenye mashine, simama pale pale. Pini za sahani za kuzungukia, zile za chini ya magurudumu ya mbele, zichomolewe, gari lisukumwe juu chini litulie, usukani ufungwe ukiwa katikati. Waanze nyuma kama kuna cha kurekebisha, kwa sababu nyuma ikitazama pembeni, utashika usukani kombo ili gari liende moja kwa moja. Mbele, kemba kwanza na tou mwisho, maana ukigusa kemba tou inahama. Waambie hutaki kijani, unataka namba: jumla ya tou kati ya sifuri na dakika 10 za kutazama ndani (digrii 1 ni dakika 60), kushoto na kulia zilingane. Mimi gari la barabarani huanzia hapo. Dai karatasi ya kabla na ya baada.

Wakisema kemba hairekebishiki, mara nyingi ni kweli kwa gari lilivyotoka kiwandani. Kama lako ni la strati (shokomzoba na springi pamoja, bila mkono wa juu), zipo bolti za kemba zenye kiuno kisicho katikati. Hurudisha digrii 1 hivi. La mikono miwili, juu na chini, linahitaji mkono unaorekebishika. Hapo ndipo pesa yako iende, kabla ya matairi mapya.

(Waliolinyanyua gari lenye ekseli nzima mbele, shida yenu ni nyingine: kasta (mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu kwenda nyuma) imepungua, ndiyo maana gari linayumba na usukani haurudi wenyewe. Tou haitawasaidia.)

Kama gari lako lina mfumo wa kuzuia kuteleza, sensa ya usukani isomeshwe upya kazi ikiisha. Kisha kapime tena baada ya kilomita mia chache, na uende na ile karatasi.