Mabehewa 28 kwenye meza ya mita 3: hesabu kwanza, treni baadaye

Mkuu, umesema meza yako ya treni za mfano ni mita 3 kwa sentimita 40, kipimo cha HO (1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi), ina viwanda vinne na mabehewa 28, na kwamba dakika kumi haziishi kichwa cha treni kinakosa pa kupita. Njia usiongeze hata moja. Punguza mabehewa.

Anza kwa kuhesabu nafasi za kusimama. Behewa la futi 40 kwa HO lina sentimita 14. Pamoja na viungio, weka 15. Njia ya kiwanda yenye sentimita 60 inachukua manne. Tuseme viwanda vyako vina jumla ya nafasi 13: jaza nusu tu, yaani mabehewa saba, na treni ilete manne iondoke na manne. Mezani yanakuwa 11. Hayo 17 yakae rafuni, na rafu uihesabu kuwa ndiyo reli yote iliyo nje ya meza, yaingie kwa zamu.

Kinachoamua urefu wa treni ni njia ya kupishana, ile ambayo kichwa hupitia kuzunguka mabehewa na kuyashika upande wa pili. Wengi huipima kutoka pointi (mahali njia zinapogawanyika) hadi pointi, kisha behewa la mwisho linakwaruzwa na kichwa kinapopita. Simamisha mabehewa mawili sambamba, yasogeze kuelekea kwenye pointi mpaka yakaribie kugusana, rudi nyuma sentimita moja na utie rangi kwenye taruma (kipande kinacholala chini ya reli). Fanya hivyo pande zote mbili. Urefu halali ni kati ya alama hizo tu. Sentimita 100 zinaweza kubaki 75, ambazo ni mabehewa matano. Baada ya pointi acha mkia wa njia wa kutosha kichwa na mabehewa mawili. Mkia wa kichwa peke yake unaruhusu kuzunguka, lakini kuchambua mabehewa inakuwa kazi ya behewa mojamoja.

Utamu wa mizigo uko ndani ya kiwanda. Kinu cha unga kisiwe njia ya kuegesha popote: behewa la nafaka linasimama juu ya shimo la kumwagia, behewa la mifuko ya unga linasimama mlangoni. La unga likiwa limeshapakiwa na la nafaka, ambalo halijamwagwa, likaliziba, unatoa yote mawili, unaliacha la unga, kisha unarudisha la nafaka palepale lilipokuwa. Hiyo ni kazi halisi kabisa, na hujanunua pointi yoyote. Mabehewa ya wazi yatengenezee shehena zinazoweza kutolewa. Makaa yaliyoingia kiwandani yakitoka vilevile, maana yote inapotea.

Kila behewa lipe kadi yenye mfuko, na ndani yake karatasi ya mzigo yenye safari nne: nafaka kwenda kinuni, tupu kurudi nje, na kadhalika. Kosa kubwa ni kugeuza karatasi zote kwa pamoja zionyeshe safari inayofuata, maana mabehewa yote yatataka kuondoka siku moja na viwanda vitabaki tupu. Geuza za mabehewa yaliyokwisha kufika tu, na hata hizo zirushie dadu: ikitoka 1 au 2, behewa linabaki, bado linapakuliwa.

Behewa jepesi likisukumwa kwenye pointi linaruka reli. Kanuni ya NMRA (chama cha treni za mfano cha Marekani) kwa HO ni gramu 28, ongeza 14 kwa kila inchi ya urefu, hivyo la sentimita 14 liwe na karibu gramu 106. Viungio viwe na kimo kimoja; kinachoning'inia chini kitakwama kwenye pointi, nawe utailaumu pointi bure.

Mwendo nao: kilomita 15 kwa saa kwa HO ni karibu sentimita 5 kwa sekunde. Mita 3 zichukue dakika nzima.