Barua kwa mwanangu aliyeuliza kama akae mkekani

Muheza, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeniuliza kwa adabu, nami nitakujibu bila kuzunguka. Unasema kwamba tangu uende Uholanzi imani imekutoka, na sasa unataka kujua: utakapokuja kwenye hitima ya arobaini ya bibi yako, ukae mkekani na kushika juzuu ya Kurani pamoja na wanaume wengine ili mimi nisiaibike, au ukae pembeni na kila mtu ajue?

Kaa pembeni.

Maneno hayo mawili yamenichukua siku tatu kuyaandika, kwa hiyo usidhani yamekuwa mepesi. Lakini katika sura ya Yunus Mwenyezi Mungu anamuuliza Mtume mwenyewe kama atawalazimisha watu mpaka wawe waumini, na kama yeye aliulizwa hivyo, mimi mwalimu mstaafu wa shule ya msingi nitapata wapi ruhusa ya kukulazimisha? Isitoshe, kila amali huenda na nia yake. Ukisoma Yasini kwa ajili ya macho ya majirani, utakuwa umewasomea majirani, na bibi yako hatakuwa amepata kitu.

Nina deni kwako katika jambo hili. Ulipokuwa na miaka kumi na miwili uliuliza chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kwa nini mtu mwema aliyezaliwa mahali usipofika Uislamu aingie motoni, ukachapwa viboko, ukarudi nyumbani na alama miguuni. Niliziona, nikanyamaza. Sidai kwamba siku hiyo ndiyo iliyokutoa katika dini, maana wapo waliochapwa zaidi yako na leo ni maimamu, lakini swali lako lilistahili jibu, nami baba yako sikulitafuta.

Kuhusu watu watakavyokuona, unajua sisi Wabondei tulivyo. Tangu wamisionari wa Kianglikana wajenge kituo chao cha Magila katika karne ya 19, koo zetu zimegawanyika kati ya msikiti na kanisa bila kuvunjika. Babu yako mdogo, kaka wa marehemu, ni Mwanglikana, na katika kila hitima hukaa kwenye benchi chini ya mwembe mpaka dua iishe, kisha husimamia ugawaji wa pilau kuliko mtu yeyote. Hakuna anayemwona wa ajabu. Wewe, hata hivyo, watakuona wa ajabu, na nisingependa likukute ghafla. Uvumilivu wetu tunaousifu umejengwa juu ya swali, "Wewe ni dini gani?", na jibu lolote hupokelewa isipokuwa "Sina." Mkristo tunamwelewa kwa sababu naye anafunga, anazika kwa sala na anamwogopa Mungu. Asiyeamini tunamwona kama mlango usio na komeo, kwamba hakuna kinachomzuia kudanganya wala kuiba.

Mimi mwenyewe niliwaza hivyo mpaka nilipokuwa mzee wa baraza, yaani mshauri wa hakimu, katika mahakama ya mwanzo. Siku moja aliletwa shahidi aliyesema hana dini, hivyo hakuapa, bali alithibitisha tu kwamba atasema kweli. Mdai na mdaiwa walikuwa wameapa vizuri, mmoja kwa msahafu na mwingine kwa Biblia, na wote wawili walitudanganya kuhusu mpaka wa shamba. Yule asiye na dini ndiye aliyesema kweli, tena kweli iliyomuumiza shemeji yake.

Sheria ya nchi imetutangulia katika hili. Ibara ya 3 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema Jamhuri haina dini, na ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kuibadilisha. Hata sensa zetu hazijauliza dini ya mtu tangu ile ya 1967. Lakini sheria haikai kibarazani na watu. Jirani zetu Kenya, ambao Katiba yao nayo inakataza dini ya taifa, waliwasajili wasioamini Mungu kama chama mwezi Februari 2016, na miezi michache baadaye usajili ukasimamishwa kwa madai kwamba unahatarisha amani. Watu wachache wasiosali wakaonekana tishio kwa nchi nzima!

Sasa nawe nikuseme. Ulinitumia picha ya lile kanisa la Maastricht lililogeuzwa duka la vitabu, ukaandika kwamba huo ndio mwisho wa dini zote. Nilimwomba dada yako anitafutie habari zake. Kanisa lile la karne ya 13 lilifungwa baada ya jeshi la Ufaransa kuuteka mji mwaka 1794. Walioifuta sala mle ndani walikuwa askari wenye bunduki, kwa hiyo usinionyeshe kana kwamba ni ushindi wa akili.

Uliandika pia kwamba dini ni hofu ya kifo tu. Bibi yako alinunua sanda yake mwenyewe, akaihifadhi kwenye sanduku, na kila mwaka aliianika juani akitutania kwamba bado haijamtosha. Je, huyo ndiye unayemwita mwoga? Usiamini alichoamini, lakini usimpunguze. Nami usiniombe niache kukuombea, kwa kuwa hiyo ni haki yangu kama ilivyo yako kukaa chini ya mwembe.

Limebaki jambo ambalo hukuuliza. Ninayajua maandiko ya fikihi, yaani sheria za Kiislamu, kuhusu aliyetoka katika dini, na baadhi ya wazee watanisomea. Kwa sheria hiyo ya mirathi, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, na sitaki siku nitakayofukiwa ndugu zako wakae kujadili moyo wako una nini ili wajue kama una haki ya miti. Kwa hiyo lile shamba la michungwa la bondeni, ulilolipalilia tangu mtoto, nitakupa kama hiba, yaani zawadi na si urithi, nikiwa hai na akili zangu timamu, mbele ya ndugu zako wote. Nimeshazungumza na mwenyekiti wa kijiji, naye ametupa Jumatatu baada ya arobaini. Uje na kitambulisho chako cha taifa na picha mbili ndogo. Na ufike tangu Ijumaa, kwa sababu babu yako mdogo amezeeka, hawezi tena kuinua sufuria la pilau peke yake.

Baba yako