Kabla Hujaagiza Kifaa cha Kompyuta Kilichofunguliwa Boksi

Kila nikimuungia mtu kompyuta ya kuhariri video au ya studio ya muziki, kuna swali halikosekani: "Fundi, mbona hii mazabodi kule Amazon naiona bei chee hivi?" Ananionyesha mazabodi, yaani ule ubao mkuu wa kompyuta, kwenye simu. Chini ya bei ya kifaa kipya kuna bei nyingine ndogo zaidi, ya kifaa kilichowahi kununuliwa, kikafunguliwa boksi, kikarudishwa. Ndiyo hizo zinazoandikwa open box. Nami namrudishia swali: mzigo huo utapokelewa na nani kule, na je, ataufungua kabla haujapanda ndege?

Marekani kurudisha bidhaa ni jambo la kawaida, ndiyo maana maghala yao yamejaa vitu vya namna hii. Mmoja kanunua mazabodi kubwa kuliko kasha lake la kompyuta, kairudisha ikiwa nzima kabisa. Mwingine kompyuta ilimgomea kuwaka, hakujua kosa liko wapi, karudisha kila kitu. Wa tatu kapinda pini mwenyewe wakati anaweka prosesa, ile chipu ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, kafunga boksi taratibu, kanyamaza. Halafu wapo wezi kabisa: ananunua kadi mpya ya grafiki, ile inayochora picha za kwenye skrini, anaweka kadi yake ya zamani kwenye boksi jipya, anadai hela yake. Mizigo hii yote inaingia mlango mmoja. Anayeipokea ghalani ana mamia ya maboksi mbele yake na hana muda wa kuwasha mazabodi moja moja. Yale madaraja wanayoyapa, "kama mpya", "nzuri sana", "inakubalika", mimi nayasoma kama habari za mikwaruzo na vikorokoro vilivyopungua. Uzima wa kifaa ni habari nyingine.

Kwa mtu anayeishi kule hilo si tatizo kubwa. Amazon humpa siku 30 za kurudisha, Best Buy kwa kawaida siku 15. Anajaribu, kikigoma anakirudisha. Sisi wa huku tunanunua bidhaa ile ile bila ile haki. Mzigo unafika kwenye anwani ya wakala wa usafirishaji, unasubiri wenzake, unapakiwa. Ukija kwa meli, muda wa kurudisha umekwisha kabla hujaliona boksi. Hata eBay, ambako watu wengi wanajisikia salama kwa sababu ya ule ulinzi wao wa mnunuzi, ulinzi huo haufuati mzigo uliopelekwa tena anwani nyingine baada ya kufika ile ya kwanza. Wakala akishaugusa na kuusukuma mbele, wewe na muuzaji mmeshamalizana.

Piga hesabu. Punguzo la asilimia 20 maana yake unapata vifaa vitano kwa bei ya vinne vipya. Kimoja kati ya hivyo vitano kikifa mikononi mwako na huna pa kukirudisha, punguzo lote limekwenda, na nauli ya hicho kibovu umeshailipa. Ndiyo maana punguzo likiwa chini ya asilimia 15 mimi sijisumbui, naagiza kipya. Watu hushangaa kwamba fundi anawashauri watoe hela zaidi.

Na usidhani kuwa mkubwa ndiyo kuwa salama. Mwanzoni mwa mwaka 2022 Newegg, mojawapo ya maduka makubwa ya vifaa vya kompyuta mtandaoni, iliingia kwenye kashfa iliyojulikana dunia nzima. Chaneli ya Gamers Nexus ya YouTube ilikuwa imenunua kwao mazabodi ya Gigabyte iliyofunguliwa boksi, ya kama dola 500. Hawakuitumia, wakairudisha bila hata kuifungua. Newegg wakakataa kurudisha hela kwa madai kwamba soketi, kile kitako cha kuwekea prosesa, imeharibika. Mazabodi ilipofuatiliwa, ikabainika ilishawahi kupelekwa kwa Gigabyte, watengenezaji wake, ikiwa na ubovu huo huo, gharama ya matengenezo ikatajwa, Newegg hawakuikubali, kisha wakaiuza. Baada ya kelele walirudisha hela na kulegeza masharti ya kurudisha mazabodi na prosesa za namna hiyo. Sasa jiulize, wewe wa Tabata au Mbagala usiye na chaneli ya mamilioni ya watazamaji, nani angekusikiliza?

Utaratibu wangu ni huu. Kaka yangu anaishi Houston, na vifaa hivi vinaanzia kwake. Kununua kwa anwani ya Texas kuna kodi ya mauzo, asilimia 8.25 kwa pale Houston, wakati mawakala wengi wana maghala Delaware ambako kodi hiyo haipo. Kwa mazabodi ya dola 175 hiyo ni dola 14 na ushee. Nailipa bila kinyongo, kwa sababu ghala la Delaware halitakufungulia boksi wala kuchungulia soketi. Kaka akiwa kazini, shemeji ndiye anayefungua, na siku hizi jicho lake ni kali kuliko la kaka. Kama huna ndugu, wapo mawakala wanaopiga picha za mzigo kwa malipo kidogo. Omba picha za ndani ya boksi. Za nje hazikusaidii.

Mazabodi ndiyo inayohitaji macho zaidi. Zile za prosesa za Intel za kizazi cha 12 hadi cha 14 zina pini 1,700 ndani ya soketi, na za prosesa za AMD za soketi ya AM5 zina 1,718. Ni nyembamba mno, na moja ikipinda inaweza kukunyima nafasi moja ya RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, au kompyuta isiwake kabisa. Cha kwanza naangalia kile kifuniko cheusi cha plastiki juu ya soketi. Kama hakipo, mzigo unarudi dukani siku hiyo hiyo, hatujadiliani. Kikiwepo, namwomba shemeji akitoe, awashe tochi ya simu nyingine kwa pembeni, kisha arekodi video huku akiinamisha mazabodi polepole upande mmoja, halafu mwingine. Picha ya kutulia inaficha mambo. Kwenye video, mwanga unapopita juu ya pini unaona mistari iliyonyooka ikimeta safu kwa safu. Pini iliyopinda inajitokeza yenyewe: safu inakatika, au kunakuwa na nukta inayong'aa wakati zenzake zimefifia. Inachukua dakika mbili.

Ukimaliza soketi, linganisha serial number iliyo kwenye stika ya boksi na ile iliyo kwenye mazabodi yenyewe. Zikitofautiana, kuna mtu alibadilisha. Halafu hesabu vikorokoro: antena za Wi-Fi, nyaya za SATA za kuunganishia diski, na zile skrubu za kufungia SSD ya M.2, kile kibao chembamba cha kuhifadhia data. Skrubu hiyo ni ndogo kama punje ya mchele na ndiyo inayopotea kuliko kitu chochote. Kuna mteja wangu SSD yake iligoma kulala vizuri kwa sababu hiyo tu, na tukazunguka maduka kadhaa tukitafuta kitu cha shilingi chache.

Prosesa yenyewe ni ngumu kufa, na ndicho kifaa ninachokubali kirahisi kikiwa kimefunguliwa boksi. Angalia namba zilizochongwa juu ya bati lake zifanane na za boksi, na kama ni AMD ya soketi ya AM4, ambayo pini 1,331 ziko chini ya prosesa, hakikisha zimenyooka. Ninachokikwepa ni Intel za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na 14, hasa zile kubwa za i7 na i9. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri zina tatizo la kupandisha volteji kupita kiasi, wakatoa masahihisho ya programu na kuongeza waranti kwa miaka 2. Masahihisho yanazuia madhara mapya. Prosesa iliyokwisha kuumia hayaiponyi. Mtu aliyerudisha i9 ya kizazi hicho huenda kairudisha kwa sababu hiyo hiyo, nawe utakuja kuijua miezi baadaye programu zikianza kujifunga ovyo. RAM haina maneno mengi: ipitishe programu ya kuipima ya MemTest86 usiku kucha, ikitoa kosa hata moja irudishe.

Kwenye kadi za grafiki ndiko hela ilipo na ndiko wezi walipo. Yapo matukio ya watu kununua kadi ya NVIDIA ya RTX 4090 wakakuta ndani hamna chipu, imeng'olewa, kimebaki kipoza joto na feni. Kwa macho kadi ni nzima. Ndiyo maana kadi haisafirishwi mpaka iwashwe Marekani, hata kama ni kumlipa fundi wa kule. Ichomekwe, programu ya GPU-Z isome jina lake, kisha ifanyishwe kazi nzito kwa programu ya OCCT au FurMark kama nusu saa huku joto likiangaliwa. GPU-Z inazitambua pia zile kadi za zamani za NVIDIA zilizochakachuliwa ziseme ni GTX 1050 Ti; inaandika wazi kuwa ni feki. Kadi yenye plagi ya umeme ya pini 16, mulika ndani ya tundu lake. Plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia au kulegea kidogo ni dalili ya kuungua, na matukio hayo yaliripotiwa sana kwa RTX 4090 tangu mwaka 2022.

Kadi zilizochimba sarafu za kidijitali zinawatisha watu kuliko inavyostahili. Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, iliacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na kadi nyingi za wakati ule zinahitaji tu feni na mafuta mapya ya kupoza (thermal paste). Bora uzinunue kwa bei ya mtumba, usiuziwe kwa bei ya boksi lililofunguliwa jana.

Hard disk na SSD zilizofunguliwa boksi sinunui, na simnunulii mtu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilibainika Ulaya kwamba hard disk za Seagate zilizotumika maelfu ya saa zilikuwa zinauzwa kama mpya, kumbukumbu zake za SMART, zinazoonyesha saa na afya ya diski, zikiwa zimefutwa kabisa. Waliogundua walisoma kumbukumbu nyingine ya ndani inayoitwa FARM, ambayo wachakachuaji hawakuigusa. Kama kitu kilichouzwa kama kipya kinafikia hapo, kilichofunguliwa nikiamini kwa lipi? Na kazi za wateja ndimo zinamokaa humo.

Pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ina hatari moja ambayo hata mafundi wengine hawaijui. Nyaya zake za kuchomoa hazina mpangilio mmoja. Upande wa mazabodi na diski plagi zinafanana, lakini upande wa pawa saplai kila kampuni hupanga pini inavyotaka, na wakati mwingine modeli mbili za kampuni moja hutofautiana. Niliwahi kufungua boksi la mteja, pawa saplai nzuri, ya jina kubwa, iliyonunuliwa kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni ikiwa imefunguliwa. Mfuko wa nyaya ulikuwa na waya wa SATA wa kupeleka umeme kwenye diski, wenye nembo ya kampuni nyingine. Uliingia kwenye tundu bila kulazimishwa, klipu ikalia. Nikaupima kwa mita kabla ya kuunganisha chochote: mahali pa volti 5 palikuwa na volti 12. Diski zote za yule bwana zingeungua kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo hesabu nyaya kwa kufuata kijitabu, hakikisha zote ni za familia moja, na ukiona mgeni kati yao, mtupe. Zile za bei rahisi zenye swichi nyekundu nyuma ziangalie pia, kwa sababu ya Marekani huja imewekwa volti 115 na umeme wetu ni 230.

Kasha la kompyuta usiagize kabisa, hata wakikupa kwa nusu bei. Wasafirishaji wa ndege hutoza kwa ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Boksi la sentimita 55 kwa 50 kwa 30 linahesabiwa kilo 16.5 hata kama ndani kuna bati la kilo saba.

Kama huna wa kukukagulia kule, ni afadhali ununue hapa hapa kitu kilichofunguliwa, hata kwa bei ya juu kidogo, kuliko kuuziwa mbuzi kwenye gunia kutoka ng'ambo. Ukienda Kariakoo, nenda mwenyewe hadi duka lenye mzigo. Winga, yule dalali wa mtaani, atakuongezea bei na waranti hana. Beba flashi yenye GPU-Z, CPU-Z ya kusoma prosesa, na OCCT. Mwambie muuzaji mapema kwamba utalipa kifaa kikishawaka kwenye mashine yake. Anayekataa kuwasha ameshakujibu. Kwenye risiti aandike serial number ya kifaa na siku za kurudisha. Wengi huanza na siku 3, lakini ukikomaa bila ugomvi wanafika wiki mbili. Halafu kitumie kwa fujo ndani ya hizo wiki mbili. Renda video ndefu, iache usiku, feni zipige kelele. Kibovu huwa kinajionyesha mapema kikibanwa, na hapo duka bado liko hatua chache tu kutoka kituo cha daladala.