Moyo unanidunda saa tisa usiku, je imani yangu ni ndogo?

SWALI: Assalam alaykum ustadhi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Mbagala, nauza vitenge na mitumba. Nina mikopo miwili ya kausha damu, mmoja marejesho kila siku mwingine kila Ijumaa, na ada za watoto bado sijamaliza. Saa tisa usiku nashtuka moyo unaenda mbio, mikono inakufa ganzi, naona kama ndo nakata roho. Mchana meseji ikiingia tu tumbo linanikata. Naswali, nasoma Qur'an, haiondoki. Wifi yangu anasema imani yangu ndogo, akanipeleka kwa mtu wa ruqya, yaani kisomo cha kutibu, kasema nina jini, nimelipa laki na nusu na zimebaki safari sita. Je ni kweli imani yangu imepungua? Na nikienda hospitali nikameza dawa ntakuwa nimeacha tawakkul, yaani kumtegemea Allah?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili na limeniuma, hasa hapo kwenye neno la wifi yako, manake hilo neno nimelisikia misikitini kwetu miaka mingi na limewafanya watu wengi wafiche maumivu yao mpaka yakawazidi.

Hebu tuanze na Mtume wetu (s.a.w.). Siku wahyi, yaani ufunuo wa Allah, ulipomshukia mara ya kwanza kwenye pango la Hira alirudi nyumbani moyo wake unatetemeka, hadithi ipo kwenye kitabu cha Bukhari na aliyeisimulia ni mama yetu Aisha, akaingia kwa bi Khadija akasema "zammiluni, zammiluni", nifunikeni, nifunikeni. Wakamfunika mpaka hofu ikamtoka. Ndo akamweleza mkewe yaliyompata na akamwambia wazi kabisa kwamba anajihofia nafsi yake. Sasa sikiliza bi Khadija alivyofanya. Hakumhoji wakati anatetemeka, alimfunika kwanza. Alipotulia akamkumbusha mema yake mwenyewe, kwamba wallahi Allah hatakudhalilisha, wewe unaunga udugu, unawabebea wasiojiweza mizigo yao, unakirimu wageni. Halafu akamchukua akampeleka kwa binamu yake Waraqa bin Naufal, mzee aliyesoma vitabu vya waliotangulia, kwa sababu jambo lile lilihitaji mtu mwenye elimu yake. Nguo, maneno mazuri, kisha mjuzi, kwa mpangilio huo huo. Kama moyo wa mbora wa viumbe ulitetemeka akaomba afunikwe, nani atakuja kukwambia wewe kwamba moyo kudunda ni kukosa imani? Nabii Yaqub naye alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, soma Surat Yusuf aya ya 84, na hakuna aliyemtoa kwenye unabii kwa ajili ya hayo machozi.

Basi hiyo saa tisa ikikukuta fanya hivi. Simu iache ilipo, usiishike hata kuangalia saa. Kaa kitako, jifunike kanga mabegani, weka miguu chini kwenye sakafu uisikie ubaridi wake. Vuta pumzi taratibu kwa pua, halafu itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, na katika kuitoa ndo useme "ya Latif" (ewe Mpole) au "hasbiyallah" (Allah ananitosha), moja tu kwa pumzi moja, usikimbizane na hesabu ya tasbihi. Hilo jambo lina namna ya bahari, linapanda, linafika juu kabisa dakika kama kumi hivi, halafu linakupwa lenyewe. Halijakuua jana, na ukishajua kwamba lina kupwa hofu ya kufa inapungua yenyewe. Likitulia tawadha, swali rakaa mbili na sijda irefushe useme kwa Kiswahili chako vile vile ulivyoniandikia mimi, marejesho, ada, wifi, vyote, Mola wako anaelewa. Swahaba Hudhayfa (r.a.) anasema Mtume alikuwa akizongwa na jambo anaswali, ipo kwenye kitabu cha hadithi cha Abu Daud.

Mimi mwenyewe mwaka mmoja baada ya kumzika mama nilikuwa natoka nyumbani kwenda kuswalisha Alfajiri, nikafika kwenye kona ya duka moyo ukaanza kugonga mpaka nikashika ukuta, nikajua ndo mwisho. Daktari alinipima presha na moyo akasema viko sawa, hii ni hofu na huzuni ulizozifungia, na mimi ndo niliyekuwa nawaambia watu kila Ijumaa wasubiri tu. Toka siku hiyo silisemi hilo "subiri tu" kwa mtu anayetetemeka.

Dua nakupa moja: Allahumma inni a'udhu bika minal hammi wal hazan, wal 'ajzi wal kasal, wal bukhli wal jubn, wa dhala'id dayni wa ghalabatir rijal, yaani ee Allah najikinga kwako na wasiwasi na huzuni, kushindwa na uvivu, ubakhili na woga, uzito wa deni na kuzidiwa nguvu na watu. Anas (r.a.) aliyekuwa akimtumikia Mtume anasema alikuwa akiisikia kwake mara nyingi. Hamm wanazuoni wanasema ni ile dhiki ya kitu kinachokuja, hazan ni ya kilichopita. Imeanza na wasiwasi, ikaishia na uzito wa deni na kuzidiwa nguvu na watu, yaani wewe na wale wa marejesho mmo humo humo ndani ya dua moja.

Na kwa sababu deni limo, kuna kazi ya kufanya mchana. Hakuna dhikri itakayoandika mahesabu yako. Chukua daftari andika unadaiwa nini na nani, jumla, manake kwa ninavyowaona wanaokuja kwangu wengi hawajui jumla na kitu kisicho na jumla usiku kinaonekana kikubwa kama mlima. Usichukue mkopo wa tatu kulipia wa kwanza, huo ni moto, na riba ni haramu, tubu kwa Mola wako na yaliyopita usijipigie kila siku. Wanaokudai waendee kabla hawajakufuata uwaombe muda, Allah amesema katika Al-Baqara aya ya 280 mdaiwa akiwa na dhiki angojwe mpaka apate wasaa. Na hili wengi hamlijui, mtu aliyelemewa na deni yumo kwenye yale makundi manane yanayopewa zaka, At-Tawba aya ya 60, kwa hiyo nenda kwa imamu wa msikiti wako, atakuuliza deni lilikuwa la nini, mweleze bila aibu, hiyo ni haki yako ndani ya Kitabu. Mumeo naye ajue, usibebe peke yako.

Hospitali nenda, na nenda wiki hii. Moyo kwenda mbio saa nyingine ni upungufu wa damu au tezi ya shingoni, lazima upimwe. Wakikuta ni wasiwasi wapo wa kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali nyingi za rufaa za mikoa, watazungumza na wewe na wakiona dawa inafaa watakupa. Mtume amesema jitibuni enyi waja wa Allah. Mtu wa presha akimeza dawa hatumwambii ameacha tawakkul, kichwa nacho ni kiungo. Na kama kuna siku fikra za kujidhuru zimekujia, hata mara moja, mwambie mtu siku hiyo hiyo na upelekwe siku hiyo hiyo.

Kuhusu yule wa ruqya, ruqya ni haki na unaweza kujisomea mwenyewe nyumbani, Fatiha, Ayatul Kursiy na zile Qul tatu (Ikhlas, Falaq na Nas), unapuliza viganjani unajipangusa, bure. Anayekuona mara moja akakutajia jini, kisha akakupangia safari saba za kulipa, usirudi kwake. Ukipata laki na nusu nyingine lipia marejesho yako ya Ijumaa.

Wallahu a'lam.