Kabla Hamjabishana Kuhusu Sinema ya Zamani, Ulizaneni Mmeona Toleo Lipi

Mabishano mengi ninayoyasikia kuhusu filamu za zamani za anga na roboti yana kasoro moja: wabishanaji hawakutazama kitu kimoja. Huyu anasema filamu inaisha kwa furaha, yule anaapa kwamba haina mwisho huo. Huyu anasema shujaa ni binadamu, yule anasema ni wa kutengenezwa kiwandani. Sauti zinapanda, chai inapoa, kumbe wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa toleo aliloliona yeye. Mimi mapenzi haya yalinianza enzi za kanda za VHS, na siku hizi mtu akinianzishia ubishi wa namna hiyo namuuliza kwanza: uliona lipi?

Inayoongoza kwa kugombanisha watu ni Blade Runner ya Ridley Scott. Harrison Ford anacheza Deckard, askari anayewinda watu bandia wanaofanana na binadamu kwa kila hali. Swali linalowakeshesha watu ni kama Deckard mwenyewe naye si mmoja wao.

Katika toleo lililoingia majumba ya sinema ya Marekani mwaka 1982, sauti ya Ford inasimulia hadithi kama mpelelezi mchovu anayejisemea peke yake. Mwisho wake Deckard na Rachael, mwanamke anayempenda, wanakimbilia milimani, juu kuna jua na chini kuna misitu. Wakubwa wa studio ndio waliotaka hivyo, baada ya watazamaji wa majaribio kulalamika kwamba hawaelewi. Picha zile za milima hata hazikupigwa kwa ajili ya filamu hiyo. Ni mabaki ya The Shining, filamu ya Stanley Kubrick, ambaye alikubali kuyatoa.

Mwaka 1992 likatoka toleo jingine. Masimulizi yameondolewa, milima imeondolewa, na kimeongezwa kipande kifupi ambacho ukipiga chafya kinaweza kukupita. Deckard amekaa kwenye piano, kichwa kimeinama, mara tunaona farasi mweupe mwenye pembe moja akikimbia msituni, kisha tunarudi kwenye piano. Basi. Sasa nenda mwisho wa filamu. Deckard anatoka kwenye nyumba yake na Rachael, anaokota sakafuni kikaratasi kilichokunjwa kwa umbo la farasi mwenye pembe. Kimeachwa na askari mwenzake, Gaff. Kwa mtu aliyeona toleo la 1982, kikaratasi kile kinasema tu kwamba Gaff alifika hapo akaamua kuwaacha waondoke. Kwa aliyeona la 1992, kinasema jambo zito zaidi: Gaff anajua Deckard anaota nini, na njia pekee ya kujua ndoto ya mtu ni kama ndoto hiyo imepandikizwa. Kikaratasi ni kilekile, maana ni mbili. Halafu watu hao wawili uwakalishe meza moja wabishane, watasikilizana kweli?

Namna ya kutambua umeshika lipi ni rahisi. Ukisikia Ford anasimulia, hilo ni la zamani. Ukimwona farasi anakimbia, ni la 1992 au la 2007, maana mwaka huo lilitoka jingine tena. Kutenganisha hayo mawili ya mwisho, mtazame Zhora, mmoja wa watu bandia wanaowindwa, anapokimbia akivunja vioo: ukiona wazi kwamba ni mtu mwingine aliyevishwa nywele za bandia, si la 2007, maana huko walikuja kumpachika uso wa mwigizaji mwenyewe, Joanna Cassidy. Mimi nampa mgeni la 2007 kwanza, halafu la 1982 baadaye, akitaka. Wapo wanaoona masimulizi ya Ford yana ladha yake. Siwaelewi, lakini angalau wanajua wanatetea nini.

Godzilla, filamu ya Kijapani ya dubwana linalotoka baharini, ni kesi nyingine, na hii inaniuma zaidi, kwa sababu humo hakikubadilishwa kipande kimoja tu. Ishirō Honda aliitoa Japani Novemba 1954. Machi ya mwaka huohuo, mashua ya wavuvi iliyoitwa Lucky Dragon namba 5 ilinyeshewa vumbi la jaribio la bomu la haidrojeni la Wamarekani huko Bikini, visiwa vya bahari ya Pasifiki, na filamu inaanza na nini? Chombo cha baharini kinachoteketea baada ya mwanga mkali kutoka majini. Ndani ya treni mwanamke analalamika kwamba aliponea chupuchupu Nagasaki, na sasa hili tena. Mtazamaji wa Tokyo hakuhitaji kufafanuliwa.

Toleo la Marekani la 1956 lilipunguza filamu kutoka dakika 96 hadi 80, likamchomeka Raymond Burr kama mwandishi wa habari wa Kimarekani anayetueleza kila kinachotokea. Walitafuta watu wa kukaa mgongo kwa kamera ili ionekane Burr anazungumza na waigizaji wa Kijapani. Kauli ya Nagasaki ikapotea. Kwa miaka mingi nje ya Japani hilo ndilo lililotazamwa, na ndiyo sababu utasikia mtu mzima na akili zake anasema Godzilla ni mjusi wa mpira anayekanyaga nyumba. Mwambie atafute la dakika 96. Usimjibu kingine.

Star Wars sitaikalia sana, maana ugomvi wa nani alifyatua kwanza kati ya Han, mmoja wa mashujaa wake, na Greedo aliyekuja kumkamata, umeshachosha. Aliyeona nakala za kabla ya 1997 alimwona Han akifyatua peke yake, wa baadaye wakaonyeshwa Greedo akianza. Metropolis ya Fritz Lang nayo ilikatwakatwa miezi michache tu baada ya kuonyeshwa Berlin mwaka 1927, na sehemu kubwa ya vilivyokatwa ilionekana tena mwaka 2008 kwenye jumba la makumbusho la Buenos Aires. Kwa hiyo ukisoma mhakiki wa 1980 anailaumu kwamba hadithi haishikamani, msamehe. Sehemu kubwa ya hadithi alikuwa hana.

Kwa upande wa televisheni, hakuna wapenzi waliopimwa kama wale wa Doctor Who, tamthilia ya Kiingereza ya Daktari anayesafiri katika wakati. BBC ilianza kuirusha tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Kennedy kuuawa, na kwa kuwa wengi hawakuwa na mawazo ya televisheni jioni ile, kipindi cha kwanza kilirudiwa wiki iliyofuata. Kanda za video wakati huo zilikuwa ghali, kwa hiyo BBC ilizifuta ili zitumike tena. Karibu vipindi 100 vya miaka ya sitini vikatoweka hivyo. Kilichosalia kwa vilivyopotea ni sauti, kwa sababu kulikuwa na vijana wa Kiingereza waliokaa na kinasa sauti mbele ya televisheni huku wakiwaomba wazazi wasikohoe.

Basi wapenzi wakawa wanapanga hadithi kwa ubora hali hawajaziona. The Tomb of the Cybermen ya 1967 ilikuwa na sifa za kutisha, kwamba haina mfano, mpaka nakala yake ilipopatikana Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya tisini. Watu wakaitazama. Nzuri, ndiyo, lakini waya zilionekana, na wengine walinywea kidogo. The Enemy of the World ikawa kinyume chake. Ilihesabiwa ya kawaida, kwa kuwa sehemu moja tu kati ya sita ilikuwepo, tena siyo bora. Mwaka 2013 zote zikatangazwa kupatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, pamoja na sehemu nyingi za The Web of Fear. Ndipo watu walipomwona Patrick Troughton akicheza Daktari na pia adui yake Salamander, nafsi mbili ndani ya mwili mmoja, macho tofauti, mwendo tofauti. Kwenye sauti hilo halisikiki lote. Hadithi ikapanda ngazi usiku mmoja.

Kwa hiyo mtu akikupa orodha ya vipindi bora vya Troughton, muulize vingapi amevitazama na vingapi amevisikiliza au kuviona kwa katuni zilizotengenezwa baadaye. Si kumdhalilisha. Ni kujua uzito wa neno lake.

Star Trek ya kwanza, iliyorushwa na NBC ya Marekani kuanzia Septemba 1966 hadi Juni 1969, ina vipindi 79 na mitego miwili. Kwanza, kuanzia 2006 ilisafishwa, na picha za meli na sayari zikatengenezwa upya kwa kompyuta. Diski za Blu-ray zinakuruhusu kuchagua. Chagua za zamani. Vile vifaa vilitengenezwa kwa televisheni ndogo yenye chengachenga, na wengi waliitazama bila rangi. Ukiiweka kwenye runinga ya inchi 55 halafu ukacheka ukuta wa mbao, umecheka kitu ambacho hakuna aliyekusudia ukione. Pili, mpangilio wa kurushwa haukufuata mpangilio wa kutengenezwa, ndiyo maana mgeni anachanganyikiwa kuona sare na vyeo vinabadilika mbele na nyuma.

Ila sisi tuna faida yetu humo. Kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, The Man Trap, kina kiumbe kinachojigeuza umbo apendalo mtu kuliona. Kikikutana na Uhura, afisa mweusi wa mawasiliano anayechezwa na Nichelle Nichols, kwenye ujia wa meli, kinakuwa mwanamume mweusi mtanashati, tena kinamsemesha Kiswahili. Mwaka 1966, televisheni ya Marekani! Kwa Mmarekani hiyo ilikuwa lugha ya mbali tu, ya kumwonyesha kwamba kiumbe kinasoma akili. Mama yangu mdogo nilipomwonyesha kipande hicho alinitazama akasema, "Mwanangu, huyo Kiswahili chake kakisomea wapi?" Kisha akataka kirudiwe. Mwaka uliofuata, kwenye The Changeling, Uhura anafutwa kumbukumbu, na anapofundishwa kusoma upya anakwama na kuangukia Kiswahili. Lafudhi ya Nichols ina milima na mabonde, lakini ukiwa na maoni juu ya vipindi hivyo viwili, toa bila kuogopa wababe wa ng'ambo. Wao walisikia sauti tu, wewe unaijua lugha.

Na kuna toleo jingine ambalo wachambuzi wa Ulaya hawalihesabu kabisa: lililosimuliwa. Aliyekulia kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam na msimuliaji Lufufu akisema juu ya picha, au Kenya na mwenzake DJ Afro, hakuona filamu ileile aliyoiona mtu wa London. Steringi ana jina jipya, adui ana kabila, utani umeongezwa mahali palipokuwa na ukimya. Usione haya kusema, "Mimi niliona ya kusimuliwa." Hilo ni toleo halali, na mara nyingine ni bora kuliko asili, hasa filamu yenyewe ikiwa dhaifu.

Tatizo ni kwamba hayo nayo yanapotea. Kama nyumbani kuna kanda au diski za kusimuliwa zimerundikwa juu ya kabati, zishushe wiki hii. Kanda yenye ukungu mweupe usiiingize kwenye deki, itachafua kichwa cha deki na kanda itakayofuata pia, mpelekee fundi aisafishe kwanza. Zilizo safi zihamishie kwenye kompyuta nzima nzima, pamoja na matangazo na kelele za mwanzoni, kisha andika kwenye jina la faili msimuliaji ni nani, urefu ni dakika ngapi, na kama unakumbuka, ilinunuliwa mtaa gani.