Usukani wa jetski haushiki nikiachilia akselereta: kebo ni mbovu?

Swali: Jambo fundi. Kaka yangu amenunua jetski (pikipiki ya majini) ya mkono wa pili, tunaiteremsha majini hapa Nguba, Bukavu. Nikikaribia ufuko naachilia akselereta na kukata kona, lakini chombo kinakwenda moja kwa moja. Juzi nusura tugonge mtumbwi wa wavuvi. Fundi mmoja anasema kebo ya usukani imelegea, anataka dola 150. Ile kamba ya mkononi ya kuzimia injini ameifunga kwenye usukani ili isitusumbue. Tumlipe?

Jibu: Pimeni wenyewe kwanza. Jetski ikiwa kwenye trela, injini imezimwa na ufunguo umetolewa, mmoja azungushe usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mwingine aangalie nyuma mdomo wa pampu, pale maji yanapotoka. Ukifuata usukani papo hapo, sawasawa pande zote mbili, kebo ni nzima, na dola zenu 150 zibaki mfukoni.

Jetski haina usukani wa kuzama majini. Kinachoigeuza ni maji yanayotemwa na ule mdomo. Ukiachilia akselereta maji yanakatika, na unachokishika mkononi ni pambo tu. Motari (madereva wa pikipiki) wote wanakuja na mazoea yale yale ya barabarani: ukiona hatari, achilia, kata kona. Huku ni kinyume. Unakata kona huku umeshika akselereta kidogo, mpaka pua ielekee penye nafasi, ndipo unaachilia. Breki msizitegemee: Sea-Doo, chapa ya jetski, ilianza kuziweka kwenye modeli za 2009, na mashine nyingi za zamani hazina. Ukiachilia kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, chombo kinaweza kuteleza karibu mita 100. Kwa hiyo mwendo hupunguzwa mbali na ufuko, si mbele ya mtumbwi.

Bukavu ina jambo lake jingine, plastiki. Mfuko ukinaswa kwenye chujio la chini ya pampu, injini inanguruma lakini nguvu hakuna, na usukani unakwenda nayo. Zima, toa ufunguo, ndipo uuvute. Changarawe nayo hutafuna mapanga ya pampu: sukumeni kwa mikono, msiwashe kabla maji hayajafika mita 1. Vizibo vya nyuma vikazwe kungali nchi kavu, na baada ya kujaza esansi (petroli) mfungue kiti dakika chache mvuke utoke.

Sasa hiyo kamba. Fundi aliyeifunga kwenye usukani asiiguse tena mashine yenu. Kazi ya kamba ni moja: dereva akianguka, inachomoka na injini inazima. Ikiwa imefungwa kwenye chuma, ninyi mko majini na mashine ya kilo mia kadhaa inaendelea peke yake kuelekea watoto wanaooga. Wengine hubana kipande cha plastiki chini ya kitufe cha kuzimia, mahali pa kibanio cha kamba, eti kamba imepotea. Nunueni nyingine ya modeli hiyo hiyo. Ifungwe kwenye kifundo cha mkono au kwenye jile (fulana ya kuelea) iliyofungwa vishikizo vyote, na kila mnapotoka, washeni polepole kwenye maji ya kutosha, kisha mmoja aivute. Injini isipozima hapo hapo, rudisheni chombo kwenye trela.